Punje Moja Katika Kilomita 1,400

Tarehe 25 Januari 2023, mafundi mjini Perth, Australia Magharibi, walifungua kasha lililoletwa kwa lori kutoka mgodi wa chuma wa Gudai-Darri, mali ya kampuni ya Rio Tinto. Ndani mlikuwa na kifaa cha kupimia msongamano wa madini, nacho kilikuwa kimefumuka: bolti moja kati ya nne haimo, skrubu zimetoka, na kidonge cha sesiamu-137 kinachokiwezesha kifaa hicho kufanya kazi hakionekani. Kidonge chenyewe kina urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6, kiasi cha punje ya mahindi. Lori lilikuwa limeondoka mgodini tarehe 12 na kufika Perth tarehe 16. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 1,400, takriban mwendo wa Dar es Salaam hadi Bukoba, na sehemu kubwa ni nyika.

Ilidhaniwa kwamba mtikisiko wa safari ulilegeza bolti, kidonge kikachomoka na kuponyoka kupitia tundu lililoachwa wazi. Kimeangukia wapi? Hakuna aliyejua. Huenda kilikuwa kando ya barabara, huenda kilikuwa kimenasa kwenye tairi la gari lililopita siku zilizotangulia na sasa kiko mji mwingine kabisa. Mamlaka za jimbo ziliwataka madereva wakague matairi yao, na yeyote atakayekiona kidonge akae umbali wa mita tano au zaidi.

Kilipatikana asubuhi ya tarehe 1 Februari. Gari lenye vipima mionzi lilikuwa likienda kilomita 70 kwa saa kusini mwa mji wa Newman, kifaa kikatoa ishara. Watafutaji wakarudi nyuma na vipima vya mkononi, wakakikuta mita mbili kutoka ukingo wa barabara. Namba yake ilihakikiwa, kikatiwa ndani ya chombo cha risasi. Kwa waliokuwa wakifuatilia habari hiyo redioni na mitandaoni, ilionekana kama bahati ya ajabu. Kwa mwanafizikia, haikuwa bahati sana.

Kidonge hicho kilikuwa na nguvu ya bekereli bilioni 19, yaani kila sekunde atomu bilioni 19 ndani yake huvunjika, na nyingi kati ya hizo hutoa mwale wa gama. Mtu akisimama mita moja kutoka kwacho kwa saa moja, hupokea takriban milisivati 1.6. Kwa wastani binadamu hupata kama milisivati 2.4 kwa mwaka mzima kutoka kwenye mionzi ya asili, kwa hiyo saa moja hapo ni sawa na theluthi mbili za mwaka. Lakini miale hiyo hutawanyika kila upande, na kadiri inavyokwenda ndivyo inavyopungua kwa kanuni isiyobadilika: umbali ukiongezeka mara mbili, kipimo hushuka mara nne, ukiongezeka mara kumi, hushuka mara mia. Kwa mita 10 kipimo kinakuwa mikrosivati 16 kwa saa (mikrosivati ni sehemu moja ya elfu ya milisivati). Kwa mita 40 kinabaki kama mikrosivati moja. Kwa mita 100 kimeshuka hadi kukaribia kile ambacho ardhi yenyewe hutoa, ambacho mahali pengi ni kama mikrosivati 0.1 kwa saa.

Sasa turudi kwenye gari. Mwendo wa kilomita 70 kwa saa ni mita 19 kila sekunde. Gari linalopita pembeni ya kidonge hukaa ndani ya zile mita 40, kabla na baada yake, kwa muda wa sekunde nne hivi, na kwa sekunde zote hizo kipimo ni mara kumi au zaidi ya kawaida ya ardhi. Hakuna kipima mionzi kizuri kinachoweza kukosa kuona hilo. Hatari halisi ya msako ule ilikuwa nyingine: kama tairi au mnyama angekuwa amekipeleka kidonge mita mia mbili porini, gari lingepita na vifaa vyake vyote vikiwa kimya, na ramani ingeandikwa kwamba eneo hilo ni salama.

Ile kawaida ya ardhi ndiyo inayowapa watafutaji kazi kubwa zaidi. Dunia haina mahali pasipo na mionzi. Mawe yana urani na toriamu, ndizi na miili yetu ina potasiamu-40, na mbinguni hunyesha miale isiyokoma. Kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale nchini Kenya, kina toriamu nyingi kiasi kwamba kipima mionzi hupanda pale bila mtu yeyote kuficha kitu. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo wakulima wa Tanzania huijua kama mbolea, nayo ina urani inayopimika kwa urahisi. Mvua ikianza kunyesha, mazao ya kuvunjika kwa gesi ya radoni yaliyoko hewani hushuka nayo na kipimo hupanda kwa saa kadhaa kisha hurudi. Gari la msako likitoka kwenye barabara ya vumbi na kuingia kwenye daraja la zege, namba hubadilika. Ukiweka kengele ilie kila mara namba inapopanda, italia siku nzima, na baada ya saa mbili watu ndani ya gari watakuwa wameacha kuisikiliza.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu tu na kuanza kutambua. Kihesabio cha Geiger, chombo maarufu cha sinema, hulia kwa kila mwale bila kujali umetoka wapi. Fuwele kubwa ya sodiamu iodidi ni bora zaidi kwa kazi hii: mwale ukiingia ndani yake hutoa mmweko wa nuru, na ukali wa mmweko huo hutegemea nishati ya mwale. Kila elementi yenye mionzi ina nishati zake. Sesiamu-137 huonekana kwenye kiloelektronivolti 662, kobalti-60 huja na miale miwili, 1,173 na 1,332, na potasiamu ya udongoni hukaa peke yake kwenye 1,461. Kompyuta ya gari haiulizi kama mionzi imeongezeka. Inauliza kama imeongezeka pale kwenye 662. Daraja la zege likipandisha namba zote kwa pamoja, kompyuta hulipuuza.

Hata hivyo kuna ukungu ambao hakuna fuwele inayouondoa. Atomu huvunjika bila mpangilio. Ukihesabu milio 100 kwa sekunde moja, sekunde inayofuata inaweza kuleta 90 au 110 na hakuna kilichobadilika. Ukihesabu 10,000, kuyumba kwake ni kama 100 tu, yaani asilimia moja. Kwa hiyo chanzo dhaifu hutafutwa kwa fuwele kubwa au kwa mwendo wa polepole, au vyote viwili. Chanzo chenye nguvu kinaruhusu haraka. Anayepanga msako hubishana na saa yake: akienda polepole mno, chanzo kinaweza kuokotwa na mtoto kabla hajafika, akienda mbio mno, anaweza kukipita.

Mita za mwisho huwa za miguu, na hapo hesabu ya shule ya sekondari inatosha. Kipimo kimoja hakisemi kitu: namba ile ile inaweza kutoka kwa chanzo dhaifu kilicho karibu au kikali kilicho mbali. Vipimo viwili vinaanza kusema. Tuseme mtafutaji ametoa kiasi cha asili na kubaki na mikrosivati 4, kisha akasogea mita 10 mbele na kupata 16. Kipimo kimepanda mara nne, kwa hiyo umbali umepungua nusu. Ikiwa chanzo kiko mbele yake moja kwa moja, mwanzo alikuwa mita 20 kutoka kwacho na sasa yuko mita 10. Kipimo cha tatu, kilichochukuliwa pembeni, humwambia ni upande gani. Asiye na kompyuta ana njia nyingine ya zamani: hukishika kifaa kifuani na kujizungusha taratibu. Mwili wa binadamu umejaa maji, nayo huzuia sehemu ya miale, kwa hiyo kipimo kinaposhuka zaidi ndipo chanzo kiko mgongoni kwake.

Mambo yote haya yanadhania kwamba kuna mtu aliyewasha kifaa. Huko Australia kampuni ilikuwa na orodha na namba za vifaa vyake, na hata hivyo zilipita siku 13 tangu lori liondoke hadi kupotea kugunduliwe. (Faini ya juu kabisa ambayo sheria ya jimbo iliruhusu wakati huo kwa kosa la namna hiyo ilikuwa dola 1,000 za Australia, fedha zisizotosha kununua seti ya matairi ya lori.) Historia ya vyanzo vilivyopotea inaonyesha kwamba kilichokosekana mara nyingi si chombo.

Goiânia, nchini Brazil, ndio mfano unaosikitisha kuliko yote. Tarehe 13 Septemba 1987, vijana wawili waliingia kwenye jengo la kliniki ya saratani iliyohamia mahali pengine na kuondoka na sehemu ya mashine ya tiba. Iliuzwa kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa rangi ya samawati gizani, na watu wakagawiana kama zawadi. Walipoanza kutapika na kupata vidonda, madaktari walidhani ni ugonjwa wa kitropiki. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeunganisha mambo: tarehe 28 alipakia mabaki ya mashine kwenye mfuko, akapanda basi na kuyapeleka ofisi ya afya.

Siku iliyofuata mwanafizikia mmoja aliazima kipima mionzi kutoka ofisi ya serikali iliyokuwa ikitafuta urani. Alikiwasha akiwa bado mbali na jengo, mshale ukaruka hadi mwisho wa kipimo na kukaa huko, kila upande alioelekeza. Akaamua kwamba kifaa kimeharibika, akarudi kuomba kingine. Kingine kikafanya vile vile. Alifika ofisini wakati zimamoto wakipanga kuutupa mfuko mtoni, akawazuia.

Kazi ya kutafuta ilianza hapo, na ilikuwa tofauti kabisa na ile ya Australia, kwa kuwa chanzo kimoja kilikuwa kimesambaa mji mzima kwa viatu, mikono, nguo na noti za fedha. Watu 112,000 walipimwa uwanjani. 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu, na wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka sita. Magari yenye vipima yalipita zaidi ya kilomita 2,000 za mitaa. Helikopta iliruka juu ya kilomita za mraba 67 kwa siku mbili, na pamoja na kazi yote iliyokwishafanywa chini, ilikuta eneo moja kali ambalo hakuna aliyelijua.

Kramatorsk, Ukraine, hakukuwa na helikopta wala gari. Kidonge cha sesiamu kilipotea kwenye machimbo ya kokoto miaka ya 1970, kikachanganywa na zege, na mwaka 1980 kikawa ndani ya ukuta wa nyumba namba 85 ya jengo la ghorofa. Familia mbili ziliishi humo kwa zamu na kupoteza watoto kwa leukemia, na watu wanne wanahesabiwa kufa kabla ya mtu kuleta kipima mionzi chumbani mwaka 1989. Kipande cha ukuta kilikatwa, na namba kwenye kidonge ikaonyesha kilitoka wapi. Kipimo cha dakika moja kiliwasubiri miaka tisa.

Msituni Georgia, vyanzo viwili viligunduliwa kwa dalili ambayo haihitaji chombo. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia, wanaume watatu waliokuwa wakikusanya kuni waliona mahali theluji imeyeyuka na udongo unatoa mvuke, na katikati yake silinda mbili za moto. Baridi ilikuwa kali, wakalala nazo usiku. Zilikuwa na strontiamu-90, masalia ya mitambo midogo ya umeme ya Kisovieti iliyotumika kuendesha minara ya redio, kila moja ikiwa na nguvu ya bekereli trilioni 1,295 hivi. Strontiamu yenyewe hutoa chembe zisizosafiri mbali, lakini chembe hizo zikigonga chuma cha kasha huzaa eksirei kali. Februari 2002, zilipokuwa zinachukuliwa, kila mfanyakazi aliruhusiwa kukaa karibu nazo sekunde 40 tu. Mmoja wa wale watatu alifariki mwaka 2004. Miezi michache baada ya kazi ile, timu za kimataifa na za Georgia zilipita milima ya magharibi kwa magari, kwa miguu na kwa farasi zikitafuta vyanzo vingine vya aina hiyo. Katika njia zisizopitika, farasi ndiye mbebaji mzuri wa kipima mionzi.

Si ajabu kwamba chombo kilichofichua msiba wa Goiânia kilitoka kwa watafuta urani. Wanajiolojia ndio waliowafundisha wengine kazi hii. Tarehe 24 Januari 1978, setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyoendeshwa kwa kinu kidogo cha nyuklia, ilianguka na kusambaa kaskazini mwa Kanada. Eneo la msako lilikuwa kilomita za mraba 124,000 za theluji na maziwa yaliyoganda. Wamarekani walileta vifaa vyao, lakini ndege yenye kipima mionzi cha idara ya jiolojia ya Kanada, iliyozoea kutafuta madini, ndiyo iliyopata dalili za kwanza. Wataalamu wake walikuwa wamezoea miaka mingi kutofautisha jiwe lenye urani na jiwe lisilo nayo kutoka angani, kwa hiyo kitu kisicho jiwe kiliwaruka machoni mara moja.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwishoni mwa 1970, ndege za namna hiyo zilipita juu ya Tanzania zikichora ramani ya sumaku na mionzi ya ardhi, kwa ajili ya madini. Ramani za aina hiyo ni hazina kwa jambo lingine kabisa: anayejua kwamba bonde fulani lina toriamu tangu zamani hatapoteza siku tatu akichimba humo kutafuta kidonge kilichopotea.

Vidonge hivyo hutumika katika kazi za kawaida. Mhandisi wa barabara anayepima kama lami imeshindiliwa vizuri mara nyingi hutumia kifaa cha mkononi chenye sesiamu na amerisiamu ndani. Wanaopiga picha za mionzi kwenye mabomba hubeba iridiamu. Hospitali zina kobalti. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Kenya ilitunga sheria yake ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019. Kazi yao ya kila siku ni leseni na hesabu za vifaa hivyo, kuliko misako ya kusisimua. Kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, alama ya kujua ni ile ya mabawa matatu ya zambarau au meusi kwenye manjano. Kwa kuwa wengi walikuwa hawaielewi, mwaka 2007 ilitolewa nyingine ya rangi nyekundu, yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, ya kubandikwa kwenye vyanzo hatari zaidi.

Kwenye lango la bandari au kiwanda cha kuyeyusha chuma, tatizo linageuka: chanzo kinapita, kipima kimesimama. Risasi ya sentimita tano hupunguza miale ya sesiamu karibu mara 200, kwa hiyo kilichofungwa vizuri kinaweza kupita kimya. Vitu vya kawaida ndivyo vinavyopiga kelele: vigae vya sakafu, mbolea, na abiria aliyetoka kutibiwa tezi kwa iodini-131, dawa ambayo hupungua nusu kila siku nane. Mwaka 1984 ilikuwa kinyume chake. Lori la nondo kutoka Mexico lilikosea njia na kupita kwenye lango la maabara ya Los Alamos, Marekani, kengele ikalia, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kobalti ya mashine ya hospitali ya Ciudad Juárez ilikuwa imeyeyushwa na kuuzwa kama chuma cha ujenzi.

Chanzo kinapokuwa hewani, upepo ndio hutafutwa. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi wa kinu cha Forsmark, Uswidi, alipiga kengele ya mionzi kwa viatu vyake alipokuwa akiingia, si akitoka. Uchafu ulikuwa umekuja kutoka nje. Wataalamu wakaangalia upepo wa siku zilizotangulia, wakanyoosha kidole kusini mashariki, na jioni Moscow ikakiri habari za Chernobyl.

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2017, vituo vya kuchuja hewa kote Ulaya vilikuta rutheniamu-106. Ilikuwa peke yake, bila iodini wala sesiamu, kwa hiyo kinu kilicholipuka kikaondolewa kwenye orodha. Chanzo kilionekana kuwa kiwanda cha kuchakata mafuta ya nyuklia yaliyotumika. Wanasayansi walichukua mamia ya vipimo, wakairudisha hewa nyuma kwenye kompyuta siku baada ya siku, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukaielekeza kusini mwa milima ya Urali, ambako kuna kiwanda cha Mayak. Uwiano wa rutheniamu za aina mbili ulionyesha hata umri wa mafuta hayo: takriban miaka miwili au pungufu tangu yatolewe kinuni. Shirika la nyuklia la Urusi lilikana kwamba kumetokea ajali katika mitambo yake.